Vitumbua vya Baraza ya Boma

Harufu ya iliki inayotwangwa ikiingia katika nyumba hii ya Doonside, huku ughaibuni, mimi huacha kuwa bibi wa mtu. Hurudi kuwa Zainabu wa Tabora, mtoto mwenye masizi mikononi, nimebeba makaa kichwani nikimfuata shangazi yangu.

Leo aliyeitwanga ni mjukuu wangu Baraka, ambaye macho yake yalizimika alipokuwa anaanza kuota ndevu. Anajaribu unga wa mandazi, kwa kuwa amepewa kona ya kuuzia kahawa na vitafunio katika jengo la ofisi za serikali pale Blacktown, kona iliyotengwa kwa ajili ya muuzaji asiyeona. Ataanza Jumatatu. Baba yake, mwanangu Hamisi, hataki. Anasema watu watamwonea mtoto wake huruma mchana kutwa.

Sikujibizana naye. Nimemwita Neema, dada yake Baraka, aketi na kompyuta yake aandike, maana mimi sikuingia darasani hata siku moja. "Slow down, Bibi," ananiambia. Sipunguzi mwendo. Kijana mwenye vidole vyepesi hamwombi mzee achechemee. Nanyi mtakaosoma, kaeni vizuri, niwaambie niliyoyaona.

Shangazi Tausi, dada yake baba, alipofuka kwa surua angali mdogo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti nzito, asiyependa kushikwa mkono kabla hajaulizwa. Mkuu wa Wilaya wa wakati ule alimpa kona ya baraza ya boma, mahali penye kivuli, akaagiza kwamba hapo asiuze mtu mwingine. Shangazi alikaanga vitumbua kwa masikio. Mafuta yakilia sauti nyembamba alimimina unga. Sauti ikizama, aligeuza. Makarani, askari, na watu waliokuja na kesi zao, wote walikula kwake.

Baba alikubali kwa shingo upande. "Dada," alimwambia mbele yangu, "siku nitakayoona umepokea sadaka pale bomani, utarudi ndani na hutatoka tena. Watu hawatasema Tausi anaomba. Watasema mimi nimeshindwa kumlisha."

"Nimesikia, kaka," Shangazi akajibu. "Mimi ni kipofu, si kiziwi."

Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani. Mji mzima ulifunga, na biashara ya asubuhi ikafa. Shangazi akawa anakaanga alasiri, ili watu wabebe vya kufuturia, lakini watu walikuwa hawajazoea. Walichozoea ni kutafuta thawabu, na mwanamke asiyeona, ameketi penye lango la serikali, ni thawabu iliyo karibu. Mtu alipita, akadondosha sarafu juu ya sinia, akashika njia. Shangazi akisikia mlio aliita, "Nani huyo? Rudi uchukue chako!" Wengi walirudi kwa aibu, wakachukua kitumbua kimoja, wakakificha kanzuni. Mimi nilimwona mjinga. Fedha inanyesha yenyewe, naye anaifukuza!

Alasiri moja akapita Mzee Kassimu, muadhini wa msikiti wetu, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Akaweka sarafu, akaendelea na safari.

"Nani ameweka?" Shangazi akauliza.

"Muadhini," nikanong'ona. "Na Baba amesimama mlangoni kwa karani. Anatutazama."

Baba alikuwa amekuja kwa shauri la kiwanja. Sijausahau uso wake. Shangazi aliiokota ile sarafu, akainyoosha hewani.

"Mzee Kassimu, umesahau vitumbua vyako!"

"Sikununua, binti yangu. Hiyo ni sadaka. Huu ni mwezi mtukufu."

"Basi chukua fedha yako. Mimi nauza."

"Sadaka ikishatoka mkononi hairudi. Unataka niingie dhambini na swaumu yangu?"

"Na wewe unataka nifungiwe ndani?"

Watu wakasogea. Askari mmoja akapaza sauti, "Mzee, nunua tu, adhana inakungoja!"

"Nikinunua nitavipeleka wapi?" Mzee Kassimu akang'aka. "Nyumbani kumepikwa. Anayemjua mke wangu hawezi kunishauri nimpelekee mapishi ya mwanamke mwingine!"

Baraza yote ikaangua kicheko. Naye akaenda zake, kanzu ikipepea, na sarafu ikabaki kiganjani mwa Shangazi kama kaa la moto.

Baba akaanza kuja. Shangazi hakuhitaji kuambiwa. Mlio wa ndara zake aliujua. Alifungasha vitumbua vya moto katika jani la mgomba, akanikabidhi, akasema kwa sauti iliyofika mpaka ndani ya ofisi, "Zainabu, mkimbilie muadhini msikitini. Mwambie mteja wangu amesahau mzigo wake."

Nilikimbia, jani likiniunguza kifua, na Baba akinifuata kwa hatua ndefu. Mzee Kassimu aliupokea mzigo kwa kuguna, akaupanda mnara, akaadhini. Aliposhuka, wazee walikuwa wameketi mkekani na tende zao na maji. Akalifungua jani. Harufu ya iliki ikatembea msikitini kote, na mikono ikaanza kujisogeza. Mzee Kassimu alimtazama baba yangu, aliyeketi amenuna, akamsukumia lile jani.

"Karibu, kula mapishi ya dada yako," akasema. "Nimevilipia."

Baba akala.

Kesho yake, muadhini alifika barazani kabla mafuta hayajapata moto. "Leo nimetumwa," akasema.

"Na mkeo?" Shangazi akamuuliza.

"Na njaa za wazee wa msikiti. Fungasha vingi kuliko jana."

Na tangu siku ile, gunia la makaa sikulibeba tena. Alilibeba Baba mwenyewe mpaka bomani, na sababu hakuisema.

Kwa miaka mingi nilidhani Shangazi alikataa sadaka kwa kiburi. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa. Aliyepewa sadaka huombewa dua, kisha husahauliwa mpaka Ijumaa nyingine. Muuzaji huulizwa, "Na kesho utakuwepo?" Swali hilo ndilo Shangazi alilokuwa akilitafuta. Siku aliyougua homa, karani, askari na muadhini walipiga hodi kwetu kumtafuta, na Baba ndiye aliyewafungulia, ameinua kichwa.

Hamisi, mwanangu, Neema atakusomea mpaka hapa. Jumatatu nitapanda treni, kituo kimoja tu mpaka Blacktown. Nitasimama kwenye foleni kama watu wengine, na mjukuu wangu ataniuzia. Nawe uje kabla ya zamu yako. Huruma iache nyumbani. Njoo na njaa.