Neno "Hakuna" Kwenye Kompyuta ya Maabara

Ipo siku moja ya masika, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hukaa chini kwanza kabla ya kuisimulia.

Nilikuwa kijana, karani wa kumbukumbu katika hospitali ndogo ya misheni huku mlimani. Jina lake niliache. Kompyuta ilikuwa moja tu, iko maabara, na jioni tuliifunika kitambaa cha kufuma kama watu wanavyofunika redio sebuleni. Humo tulitunza majina ya wachangia damu. Kila eneo lilikuwa na shiti yake, yaani ukurasa wake wa jedwali, na mbele kabisa palikuwa na shiti ya kutafutia. Unaandika jina la eneo na kundi la damu, fomula inakwenda yenyewe kwenye shiti ya eneo hilo na kukuletea jina la mtu na namba yake ya simu. Niliikuta imetengenezwa na karani aliyenitangulia, lakini nilijivuna nayo utadhani nimeizaa mimi.

Asubuhi hiyo aliletwa Aikaruwa, mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa amejifungua salama, ila damu haikatiki. Kundi lake ni O hasi, ambalo huku kwetu ni adimu, na mfuko pekee uliokuwa kwenye jokofu alikwisha kupewa. Moshi mjini waliahidi kuleta mwingine, lakini mvua ilikuwa imeharibu barabara na gari lilibidi lizunguke mbali. Daktari akaniagiza nitafute mchangiaji wa karibu. Mume wa Aikaruwa akasimama mlangoni, kofia mkononi, macho yake kwenye vidole vyangu.

Nikaandika Kilema. Likaja jina, nikapiga simu, nikaambiwa mwenyewe amesafiri. Nikaandika Mwika, likaja jina la mtu ambaye simu yake haipatikani. Nikaandika Kibosho Magharibi, ambako ndiko karibu kuliko kote. Hakuna. Kibosho Mashariki. Hakuna.

Nikamwendea Mzee Ndetaramo, mkuu wa maabara, mtu wa maneno machache aliyekuwa amekaribia kustaafu. Nikamwambia kwamba hakuna mtu. Akaweka chini alichokuwa ameshika, akanitazama.

"Hakuna," akauliza, "au haikuona?"

Sikumwelewa. Akasema yeye mwenyewe alikwisha kumtoa damu mama mmoja wa Kibosho Magharibi, mfugaji wa ng'ombe, na kundi lake analikumbuka kwa sababu ni nadra kukutana nalo. Akaniambia niachane na fomula, nifungue shiti ya watu wa huko, nisome kwa macho. Nikashuka na kidole mstari kwa mstari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamkuta: Mama Manka, O hasi, na namba yake ya simu pembeni. Siku zote alikuwepo.

Alikuja nyuma ya pikipiki ya katekista, amevaa mabuti, matope hadi magotini. Alisema ng'ombe amemwachia jirani amalizie kumkamua, kisha akauliza mgonjwa yuko wapi. Damu yake ikapimwa, ikafaa. Mchana Aikaruwa alifumbua macho akaulizia mtoto. Mumewe akatoka nje, akaegemea ukuta, akalia bila kujificha.

Ndipo Mzee Ndetaramo akanijia. Hakupandisha sauti.

"Kijana, hakuna ni neno zito. Ukilisema, watu wanaacha kutafuta."

Akavuta kiti, akaniambia tutafute pamoja kwa nini kompyuta ilisema vile. Nikaifungua fomula. Kumbe yule karani aliyenitangulia alichoka kuona maandishi ya makosa, akaiagiza iandike "Hakuna" kila inaposhindwa kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikaliondoa lile agizo, na kosa lenyewe likajitokeza: shiti haikupatikana. Kilema na Mwika zilikuwa zinajibu vizuri. Zilizogoma ni za majina ya maneno mawili, zilizoongezwa baada ya Kibosho kugawanywa. Jina lenye nafasi katikati linataka kuwekewa ritifaa mwanzoni na mwishoni, alama ileile tunayoiandika kwenye neno ng'ombe. Bila hiyo, fomula haijui jina linaishia wapi.

Nikaziweka. Kibosho Magharibi ikafunguka. Mashariki ikakataa, nami nikaanza kukasirika. Mzee, ambaye mambo ya fomula hakuyajua, akashauri nilinganishe majina herufi kwa herufi. Mwisho wa jina la shiti palikuwa na nafasi moja ya ziada, isiyoonekana kwa macho. Nikaifuta, majina yakaja. Kisha nikaiagiza fomula upya: isipoiona shiti, iseme haikuiona, na "Hakuna" iandikwe pale tu ilipokwisha kutafuta kweli.

Nilipokwenda kumwona Aikaruwa, nilimkuta amekaa kitandani, mama mkwe anamnywesha mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, mtoto amelala kifuani. Nikamwamkia yule bibi shikamoo, akaniitikia, akanipa na mimi bakuli.

Sasa sikia, mwanangu. Siku hizi mna mashine zinazojibu kabla swali halijaisha, na ni jambo jema. Ningezipata ujanani ningeshukuru. Lakini jibu la haraka nalo liulize limetoka wapi. Kosa likijitokeza, usilifunike ili meza ionekane safi. Lisome, maana linakuonyesha pa kushika. Na kabla hujamwambia mtu hakuna, iwe dawa, iwe kazi, iwe njia, inama kwanza utazame mwenyewe. Kama hukuona, sema hukuona. Mwenzako ataendelea kutafuta, na huenda akapata.

Ruwa, Mungu wetu, akupe macho ya subira na ulimi mkweli. Akuweke karibu na wazee wanaouliza vizuri, na siku ya shida akukutanishe na mtu aliye tayari kuja kwenye matope. Nenda na amani.