Mheshimiwa Asalimie Watu

Nilikuwa karani katika duka la hadwea kule Donholm, na nyuma ya kaunta palikuwa na kalenda yenye maandishi nisiyoweza kuyasoma. Januari ilikuwa na picha ya mwanamume mwenye kilemba cha rangi ya machungwa, ameunganisha viganja mbele ya kifua, anatabasamu. Februari ni yeye tena, kilemba kile kile. Machi, yeye. Mpaka Desemba ni yeye tu. Nikajiambia, huyu ama ni mtakatifu wao ama anatafuta kura.

"Huyu iko ndugu yangu, mama moja," Mzee akanijibu siku niliyoshindwa kunyamaza. Mzee ndiye mwenye duka. Alikuja Nairobi kutoka India akiwa kijana, na Kiswahili chake alijifunzia hapo hapo kwenye kaunta, kati ya misumari na rangi. "Yeye iko bunge."

"Bunge la India?"

"Hapana India yote. Jimbo. Jimbo iko na bunge yake."

"Kumbe kama kaunti!"

"Kaunti!" Alicheka mpaka akavua miwani. "Jimbo yetu inaweza meza Kenya yote, na bado iko njaa."

Sikuamini, lakini tangu siku hiyo sikumpa nafasi ya kupumua. Kuuliza si ujinga, na mimi kuuliza ni ugonjwa. Mteja wa mabati akitoka, nauliza. Mteja wa bomba akiingia, nanyamaza, akitoka naendelea. Hivyo ndivyo nilivyoyapata maisha ya Mheshimiwa, vipande vipande, kama mtu anayenunua simiti kwa kilo.

Alianza kama mwandishi wa ushirika wa maziwa kijijini kwao. Kila asubuhi alipima maziwa ya watu, akawajua ng'ombe wao kwa majina, kisha akajua ni yupi mgonjwa na ni yupi ana mimba. Watu wakaona anayemjua ng'ombe wangu hawezi kunisahau mimi. Wakamweka kwenye baraza la kijiji, halafu wakampeleka bunge la jimbo, akashinda na kushinda tena, mpaka akawa naibu waziri wa maji. Alihama chama mara mbili, na kila akihama, vilemba vya kalenda vinabadilika rangi.

"Kwani huko pia wanahama?" nikauliza.

"Wewe nafikiri nyinyi peke yenu iko na akili hiyo?"

Nilipenda sana habari hizo. Baba yangu alistaafu reli, na nyumbani kwetu Umoja tulilelewa kwa mazungumzo ya siasa na chai ya rangi. Jioni nilikuwa nampelekea baba habari za Mheshimiwa kama mtu anayesimulia mechi. Baba alishika upande wake kabisa. Mheshimiwa aliposhindwa uchaguzi wa mwisho, baba ndiye aliyehuzunika, Mzee alisema tu, "Sawa."

Hiyo "sawa" ilinisumbua. Nikamkazania Mzee, na siku moja, akipanga makufuli kwenye rafu, akanipa mgongo na kuniambia.

Mama yao alifariki wakati wa kampeni moja, miaka mingi nyuma. Kwao mtoto wa kiume ndiye huwasha moto wa kumchoma marehemu, na Mheshimiwa ndiye mtoto wa kiume aliyekuwa karibu. Lakini mkutano ulikuwa umeshaitishwa, watu wamejaa uwanjani. Akasema atahutubia kidogo tu. Siasa na kidogo wapi na wapi? Mwili ulimngoja mpaka wazee wakakata shauri, na binamu akauwasha moto. Mheshimiwa alifika na shada shingoni, akakuta miali.

"Mama alizaa wanaume wawili," Mzee akasema, "na moto ikawashwa na mtu ya jirani." Kwa hasira yake, binamu alikuwa ameshakuwa mtu wa jirani. Tangu siku hiyo hawakuzungumza ila salamu za sikukuu kwa simu. Ile kalenda ililetwa kila mwaka na mtu wa ukoo wao, na Mzee aliitundika kwa sababu kutoitundika kungekuwa aibu mbele ya ukoo.

Basi mwaka uliofuata, Mheshimiwa akaja Nairobi. Hakuna bunge tena, hakuna mlinzi, ni begi moja na kikohozi. Wiki mbili alikaa nyumbani kwa Mzee. Nikatarajia habari, wapi! Mzee anafika dukani amenuna kama mbuzi aliyenyeshewa.

"Mmezungumza?" nauliza.

"Ameuliza sukari iko wapi. Mimi nimeonyesha."

Ijumaa akaniambia ndugu yake anarudi Jumatatu. Akasema kitu ambacho sikuwahi kumsikia akisema kwa sauti ile. "Mimi iko mzee. Yeye iko mzee. Kama anaenda hivi, basi. Hatutaonana tena. Lakini mimi hapana anza." Haki nilimhurumia, na hapo hapo nikamkasirikia. Udugu ni kufaana, na hawa wawili walikuwa wanaonyeshana sukari.

Jumapili hiyo sisi tulikuwa na kumbukumbu ya mama yangu, mwaka mmoja tangu tumzike. Mzee nilikuwa nimemwalika zamani. Nikamwambia aje na Mheshimiwa, baba atafurahi. Nilisema ni kwa ajili ya baba. Nilikuwa pia nataka kumwona yule mtu wa kalenda kwa macho yangu, siwezi kudanganya.

Wakaja. Tulikuwa tumefunga hema mbele ya nyumba, mpaka kwa geti la jirani, na nilikuwa nimewapikia ndengu na chapati zao kando kwa sababu hawali nyama. Mheshimiwa alikuwa mfupi! Kalenda ilikuwa imeniongopea. Kilemba hakuna, nywele nyeupe, sweta ya kahawia. Akakaa kando ya Mzee, na kati yao ungeweza kuegesha pikipiki.

Sasa nyinyi mnajua desturi yetu. Mheshimiwa akionekana kwenye shughuli yoyote, awe wa wapi, awe alishindwa, lazima asalimie watu. Mzee alipomwona baba anaishika maikrofoni akamnong'oneza, "Usimpe. Yeye akisimama hapana jua kukaa."

"Mgeni hanyimwi salamu," baba akajibu, tena kwenye maikrofoni, hema lote likasikia. "Tuna mheshimiwa hapa, ametoka bunge la India. Asalimie watu. Na bwana mkubwa hapa atatufasiria."

Mheshimiwa akasimama. Hakuguswa na woga hata kidogo, kusimama mbele ya watu ilikuwa kazi yake. Akafanya kile alichokifanya maisha yake yote. Akaunganisha viganja mbele ya kifua, ndivyo wanavyosalimia kwao, akainamisha kichwa.

Senje yangu, dada yake baba, amekaa kiti cha mbele. Yeye ni mama wa kanisa kutoka mguu mpaka kitambaa. Akaona mikono imeunganishwa, kichwa kimeinama. Akasema kwa sauti, "Tuombe."

Ala! Hema zima likafumba macho. Wanaume wakavua kofia. Wapishi wakaweka miiko chini. Mimi peke yangu nikabaki nimekodoa, sikuweza kukosa jambo kama hilo.

Mheshimiwa akainua kichwa na tabasamu lake tayari, akakuta watu wote wamemfumbia macho. Nafikiri hakuna uwanja uliowahi kumfanyia hivyo. Akamgeukia Mzee, akauliza kwa Kigujarati, lugha yao. Mzee akatazama watu, akatazama picha ya mama yangu mezani, yenye maua. Angeweza kucheka. Angeweza kusema, wamekosea, wasalimie tu. Alimjibu kwa maneno machache, na neno moja nililielewa kwa sababu nililisikia mara nyingi dukani. Ba, yaani mama.

Mheshimiwa akaitazama ile picha. Senje akakohoa kidogo kumhimiza. Kisha akaanza kusema, polepole, bila ile sauti ya mikutano, na viganja vyake bado vimeungana. Alisema maneno yasiyozidi sentensi nne. Akakaa.

Watu wakangoja tafsiri. Mzee alikuwa ameishika ile maikrofoni kama mtu aliyepewa sufuria ya moto.

"Anasema, Mama, mimi nilichelewa. Anasema, watu ilikuwa inapiga makofi, mimi nikasikia tamu. Anasema, kaka yangu iko na haki kukasirika. Anasema, nisamehe."

"Ndiyo, Bwana," senje akaitikia, macho yamefumbwa.

Nikadhani amemaliza. Mzee hakuirudisha maikrofoni.

"Anasema..." Akaacha. Ndugu yake alikuwa amekaa, amefunga mdomo, hasemi lolote. "Mimi nasema. Siku ile, nafasi kwa ndege ilikuwa. Simu ilikuja asubuhi. Mimi ningefika. Mimi nilifungua duka."

Hakuna aliyefumbua macho.

"Mimi nilisema, yeye yuko, atawasha. Miaka yote nimekasirika na yeye. Yeye alichelewa. Mimi sikuenda."

"Amina," akasema senje, na hema lote likasema amina, kwa sauti, kama tunavyosema Umoja.

Mheshimiwa hajui Kiswahili. Alisikia tu watu wakiitikia jambo ambalo yeye hakulisema. Akavuta mkono wa shati la Mzee, akamuuliza. Na Mzee akakaa, akavuta kiti chake mpaka viti vyao vikagusana, akaanza kutafsiri mara ya pili, safari hii kwa mtu mmoja.

Mheshimiwa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshika mkono. Mimi ndiye niliyewapelekea sahani, ndengu na chapati bado za moto, nikawawekea mbele yao. Zilipoa. Mkono alioushika ulikuwa wa kulia, na Mzee hakutaka kuutoa.