Bi Wadia wa Zeitun, Aliyekataa Kuwahamisha Walio Hai

Alizaliwa akipiga mateke, na waliomjua wanasema hakuacha. Ilikuwa tarehe 9 Machi 1956, mjini Gaza, katika mtaa wa Zeitun, nyumba ya pili kutoka ukuta wa kanisa la Mtakatifu Thekla. Baba yake, Butros, alikuwa mwokaji mikate, na mama yake alimzaa saa ambayo tanuri lilikuwa limeshapata moto, hivyo wateja wakapata mikate iliyoungua na habari njema kwa pamoja. Alibatizwa siku ya arobaini akapewa jina Wadia, maana yake mpole, na padri aliyembatiza aliishi miaka mingi akijutia uchaguzi huo. Hakujua kukaa. Alikula amesimama, aliungama amesimama, na alipoketi ibadani, goti moja lilikuwa likitikisika tangu Injili hadi baraka ya mwisho.

Bibi yake, Katrina, ndiye aliyekuwa akioka mkate wa sadaka wa kanisa lile. Alikanda unga midomo imefungwa; kilichoruhusiwa kutoka kinywani ni majina ya watu tu. Mkate ule hupigwa muhuri wa mti, kisha hupelekwa altareni pamoja na karatasi iliyokunjwa katikati: kulia majina ya walio hai, kushoto majina ya waliolala. Padri hukata chembe moja kwa kila jina. Wadia, akiwa na miaka saba, aliuliza, "Bibi, na ukiumwa na mbu je?" Kikongwe akamjibu bila kuinua kichwa, "Nitamkanda humohumo. Nyamaza." Mwaka 1983, akiwa kitandani pa kufia, Katrina alimwita akamkabidhi muhuri. "Kuoka hata punda akifundishwa ataoka," alimwambia. "Kazi ni kujua nani anakaa upande gani. Usimwandike mtu kwa kubahatisha." Huo ndio uliokuwa wito wake, na hakuna malaika aliyeonekana.

Wakati huo alikuwa akifanya kazi jikoni katika nyumba ya wazee kule Majdal, mji ambao wakazi wake wa sasa wanauita Ashkeloni. Alikwenda alfajiri na kurudi jioni kwa miaka kumi na miwili, mpaka vivuko vilipofungwa. Kiebrania alikipata kwa vikongwe wa Kiyahudi waliomgombeza kwa sababu ya supu. "Haina chumvi hii, wewe msichana!" "Daktari ameificha, Bibi. Kagombane naye." Walimpenda, naye aliwapenda, na alirudi nyumbani akikasirishwa na mambo yote yaliyokuwa kati yao. Mchumba wake, Fuad, mshonaji, alihamia Chile akamwandikia mara tatu amfuate. Akamjibu mara moja tu: "Nikija huko, Jumamosi nani atazunguka?" Basi hakuolewa, na watu wakamwita Bi Wadia, wala hakuna aliyemwonea huruma usoni mwake mara mbili.

Kuzunguka kwenyewe kulikuwa hivi. Kila Jumamosi mchana alipita nyumba kwa nyumba na karatasi yake, akigonga na kuuliza mlangoni, "Nani yuko hai kwenu?" Hakupokea jina kwa kutumiwa wala kwa kusikia. Siku moja mke wa fundi bomba alimpa jina la mama mkwe wake upande wa kushoto. Bi Wadia akamtazama. "Mbona nimempita hapo ngazini anamenya vitunguu?" Yule mwanamke akajiinamia, "Ah, nimekosea kidogo, Bi Wadia." "Kidogo! Mwenzio anamenya vitunguu vyako, wewe unamzika." Mtaa mzima ulicheka wiki nzima, na mama mkwe akaishi miaka kumi na minne zaidi, kwa ukaidi, wanavyosema.

Asubuhi ya tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Gaza walivuka uzio wa mpaka, wakaua watu majumbani mwao na kuwachukua mateka, watoto na vikongwe wakiwemo. Mabomu yakaanza kuanguka Gaza siku ileile, na miezi ikapita yakiua watoto na vikongwe vilevile, kwa maelfu, pamoja na mama zao. Familia za Zeitun zilijazana ndani ya ua wa kanisa, zikilala kwenye viti na chini ya viti. Pale ndipo alipokuwa Samira, mdogo wake Bi Wadia, mjane, na mwanawe wa pekee Rufail, kijana wa miaka ishirini na minne, mfamasia. Tarehe 12 Desemba dawa ya sukari ya Samira iliisha. Rufail akatoka kuitafuta. Wanajeshi wa ng'ambo ya mpaka walimkamata njiani pamoja na wanaume wengine, wakamvua nguo, wakamfunga macho, wakampakia lorini. Baada ya hapo, kimya. Hakuna barua, hakuna wakili, hakuna wa kuulizwa.

Samira alikuwa akijua kwamba mwanawe alitoka kwa ajili ya mwili wake yeye mama, na jambo hilo lilimla. Kila jioni alisimama ukutani akisema na hewa: "Umekula, mwanangu? Kula chochote wanachokupa, usilete maringo." Mwezi Juni 2024 mtu mmoja aliyeachiwa akasimulia kwamba katika kambi ya jangwani alimwona mfamasia mrefu akifa mbele yake. Jina hakulijua. Samira hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, aliyekuwa akikanda, akasema, "Dada, mhamishe Rufail. Mpeleke kushoto. Asomewe, nianze arobaini yangu, nipumzike."

Bi Wadia akavunja mwiko wa bibi yao, akasema mikono ikiwa imo ungani. "Uliuona mwili?"

"Nitauona wapi?"

"Basi siandiki uvumi."

"Wewe hujazaa! Hujui hiki kinavyokata!" Samira alipiga kelele ua mzima ukasikia. "Unaniweka kwenye kiti cha moto kwa sababu ya karatasi yako!"

"Ni kweli sijazaa," Bi Wadia akajibu, na machozi yakamtoka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. "Lakini nikimhamisha leo, kesho utaacha kumtafuta. Anakaa kulia. Ukitaka, nichukie." Samira akamchukia kweli, akahamia upande wa pili wa kanisa na godoro lake.

Sasa tufike pale palipowakwaza wengi. Palikuwa na redio ndogo ya betri, nayo alfajiri ilishika kituo cha Kiebrania cha ng'ambo ya mpaka, ambacho familia za mateka zilikitumia kusema na watu wao, huenda wakasikia huko chini ya ardhi walikofichwa. Katika ua ule Bi Wadia peke yake ndiye aliyeelewa. Kulikuwa na mwanamke mmoja, jina lake Tirza, aliyesema kila siku maneno yaleyale kwa kijana wake Yehiam: "Umekula, mwanangu? Kula wanachokupa. Usichague." Bi Wadia alisikiliza siku tisa akizunguka ua kama mtu aliyeumwa jino. Siku ya kumi alimwendea Padri Ilyas, mzee wa kanisa lile, akamwambia anataka kumwandika Yehiam.

Padri alikuwa mtu mwema, lakini sheria ni sheria. "Binti yangu, chembe zile ni za waliobatizwa. Siwezi. Na wewe unajua siwezi."

"Najua, Baba."

"Halafu watu wakisikia? Tunazika kila siku hapa! Utaniletea fujo ndani ya kanisa!"

"Fujo tunayo tayari, Baba. Nipe ruhusa nioke mwingine usio na muhuri."

Padri akasema kwamba mkate usio na muhuri si wake, ni wa mwokaji. Tangu hapo Bi Wadia alioka mikate miwili. Wa pili ulikuwa na karatasi yake, kulia na kushoto vilevile, na akaumega uani baada ya ibada, kipande kwa kila jina, akampa yeyote aliyekuwa na njaa. Jina la kwanza lilikuwa la Yehiam. La pili lilikuwa la muuguzi aliyekamatwa kazini, binti wa jirani yao Mwislamu, Hajj Mubarak. Mzee yule alikuja mwenyewe na vikombe vitatu vya unga, akauliza kwa haya, "Na wetu mnawasoma?" Wakafika majina hamsini na moja kabla ya kiangazi kwisha.

Samira alipopata habari, alivuka ua mbio akaichana ile karatasi mbele ya watu. "Yule mwanamke! Watu wake ndio wanaye mwanangu! Wameniulia ndugu, wameniangushia nyumba, nawe unamwombea wake?"

"Namwombea," alisema Bi Wadia. "Asubuhi namsikia anamuuliza wake kama amekula. Jioni nakusikia wewe. Niwe kiziwi sikio lipi, Samira? Niambie, nilizibe." Bi Wadia akaokota vipande, akaandika upya yote hamsini na moja akiwa amesimama.

Njaa ikaja. Watu walisaga chakula cha ndege na cha mifugo. Unga wa ngano ulibaki kibaba kimoja, na mkate wa sadaka lazima uwe wa ngano. Husimuliwa siku hizi kwamba gunia la Bi Wadia halikuisha, na kuna waliokwisha kuchora picha ya gunia hilo. Wapendwa, lisemwe lililo kweli: gunia liliisha. Sisi tuliokuwepo tulilikung'uta. Lililotokea ni kwamba mkate wa muhuri uliendelea kupungua mpaka ukatosha kiganjani, naye alifunga siku tatu kila wiki ili fungu lake liingie katika ule wa pili. Mwanamke aliyeingia ua ule akiwa mnene alibaki mifupa na sauti. Kama mnataka muujiza, ni huo, na mchoraji angepata taabu kuuchora.

Jumamosi tarehe 11 Januari 2025, mazungumzo ya kusitisha vita yakiwa yamepamba moto huko mbali, alitoka kama kawaida kuzungukia familia chache zilizobaki nje ya ua. Padri alimkataza. "Subiri siku chache tu, watasaini!" Akajibu, "Nao walio hai wasubiri kuandikwa?" Kombora lilianguka kwenye uchochoro nyuma ya kanisa. Aliyemfikia wa kwanza ni Samira, aliyekuwa hajasema naye tangu alipoichana ile karatasi. Alimkuta amelala chali, karatasi chini ya kiganja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake ametulia. Bado alikuwa na pumzi. "Dada, dada yangu, nisamehe," Samira alisema. Bi Wadia akamtazama kwa muda, akasema, "Usimhamishe," na roho yake ikaenda kwa Bwana.

Alizikwa kesho yake ndani ya ua, kwa haraka, waombolezaji wakiinamisha vichwa kwa mlio wa ndege za vita. Muhuri ulimwangukia Samira kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Wanasimulia alikaa mbele ya karatasi mpya asubuhi nzima. Upande wa kushoto aliandika Wadia. Kisha kalamu ikasimama juu ya jina la mwanawe. Hakuwa na sababu yoyote ya kumwandika kulia isipokuwa neno moja la marehemu. Akamwandika kulia. Ile karatasi ya pili aliinakili yote, ila jina la kwanza, la Yehiam, aliliruka.

Vita vilisimama tarehe 19. Zikaanza siku za orodha: mateka kadhaa kwenda kwao, wafungwa mamia kuja huku, majina yakitolewa, yakikosewa, yakifutwa. Watu waligombania simu yenye chaji. Samira hakuona Rufail katika orodha ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu, akawa anatembea uani huku na huku, hata wenzake wakasema Bi Wadia amemrudia. Tarehe 15 Februari mabasi yalishusha wanaume mia tatu na zaidi huko Khan Yunis. Siku ya pili yake, kijana mwenye upele mwilini, aliyepungua nusu, aliingia langoni kwa miguu akauliza, "Mama yangu yuko hai?" Yule mfamasia mrefu aliyekufa jangwani alikuwa mtu mwingine, mtoto wa mama mwingine, na jina lake hatujalipata mpaka leo. Samira alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akamuuliza kitu kimoja tu, "Umekula?"

Wiki hiyohiyo yalivuka majeneza ya mateka waliofia Gaza kwenda upande wa pili wa mpaka. Alfajiri ya Ijumaa Samira aliiwasha ile redio, ambayo tangu msiba haikuwa imeguswa, na sauti ya Tirza ikaja. Samira hakujua Kiebrania, ila jina la Yehiam alilijua. Rufail, aliyejifunza lugha hiyo kwa kufokewa gerezani, alikuwa amelala kando yake. Mama yake akamtikisa. "Anasema nini?"

Rufail akasikiliza. "Anasema, leo sikuulizi kama umekula."

Samira aliizima redio. Akaichukua karatasi ya pili, na kwa mkono wake mwenyewe akaliandika jina la Yehiam, upande wa kushoto, juu ya majina yote. Kisha akaweka kichwa juu ya meza akalia kwa sauti hata waliolala wakaamka.

Kanisa halijamtangaza Bi Wadia, na sisi hatulitangulii Kanisa. Lakini mwaminifu anayetaka kumwiga asianze na kufunga wala na kuoka. Na ajifunze kwanza alichojifunza mdogo wake, kwa kuchelewa na kwa uchungu. Maana Rufail aliogopa siku ile alipomwona akilia namna ile, akamuuliza, "Mama, mimi si nimerudi? Unamlilia nani?" Naye akamjibu, "Namlilia Mama Yehiam."