Watu wa Simiti Waliotazama Barabara

Juzi nilipita Kiambere kwa shughuli zangu, nikamwomba dereva anisubiri nipande kile kilima tulichokiita kwa watu wa simiti. Njia imemezwa na vichaka, na miba ilinichana sketi kabla sijafika nusu. Lakini walikuwepo, wamesimama kati ya miamba na migunga, nyuso zao zikielekea barabarani kama zamani. Sijui, rafiki yangu, kama nawe una mahali ulipopachukia utotoni na hadi leo unapaota. Kwangu ni hapo.

Mama alinileta kwa nyanya, hapo Kiambere, miaka ya tisini, nikiwa darasa la pili. Tulikuwa tumezoea Makutano kule Meru, ngurumo za malori na harufu ya viazi vya kukaanga, naye aliuza ndizi sokoni Gakoromone. Alisema atanirudia mvua ikinyesha. Mvua ilinyesha, kukakauka, ikanyesha tena. Upande mmoja kulikuwa na maji ya bwawa niliyokatazwa kuyasogelea, upande mwingine kilima, na katikati ua wa miba na mbuzi wa nyanya, ambao walikuwa huru kuliko mimi. Asubuhi uji wa mawele uliochacha, jioni kunde. Nilijiona mfungwa kabisa, na sikuficha.

Jumapili, baada ya kanisa, nyanya alinipeleka kilimani kwa jirani yake, mjane aliyekuwa mfinyanzi wa vyungu kabla hajaanza kutengeneza watu. Alisuka mifupa yao kwa waya wa fensi, akaivika magunia ya katani, kisha akapaka simiti iliyochanganywa na udongo mwekundu. Watu walitoka mpaka Embu mjini kuja kuwatazama, wakila karanga na kupigwa picha kando ya mwendesha baiskeli au mama mwenye mzigo wa kuni. Mimi nilipenda mkono wa yule jirani, mkavu, ukinishika kidevu.

"Wewe mtoto ya Meru," alinitania, "umenuna hata kushinda hawa wangu."

Siku moja nilimuuliza kwa nini kila sanamu ina kitu cha kweli kifuani: kijiko, kifungo cha koti, kioo cha mfukoni.

"Hiyo huletwa na familia," akasema, huku akilainisha goti la mtu. "Hawa ni wale walienda na hawakurudi. Watu yao wakichoka kungoja, wanakuja kwangu."

Muda si mrefu kikombe cha mama, kile chenye maua ya buluu, kilitoweka kabatini. Nyanya alisema kimevunjika. Jumapili iliyofuata nilikiona, kizima, kifuani mwa mwanamke mpya wa simiti aliyejitwika kikapu.

"Cucu, hiyo kikombe ni yetu," nilimwambia nyanya. "Irudishe."

"Wacha ikae, mwana," alijibu. "Hata mimi nimechoka."

Nililia mpaka nikatapika. Nilimchukia nyanya kwa kukata tamaa bila kuniuliza, na jioni ile sikugusa kunde zake.

Mwishowe mjomba alikuja kunichukua niende shule ya bweni Embu. Siku hiyo tulitafuta kiatu changu kimoja cha plastiki, cha kijani, hadi mjomba akakasirika. Nyanya alisema mbwa amekibeba. Nikaondoka pekupeku, nimefurahi kama mbuzi aliyekata kamba, wala sikutazama nyuma. Mama hakurudi kamwe. Nami, likizo baada ya likizo, nilipata sababu ya kutorudi kwa nyanya.

Nyanya na jirani yake sasa ni marehemu. Boma limekuwa shamba la muguka, ile miraa ya majani. Hakuna anayeuza karanga kilimani, na sanamu ya mama imekatika mkono, kikombe kimejaa mchanga. Nilipokuwa nikiufuta ndipo nikaona, nyuma yake, mtoto ambaye hakuwepo siku zangu. Amenuna. Kifuani ana kiatu cha kijani.

Basi nyanya alikuwa amejua tangu asubuhi ile ya mbwa kwamba nami sitarudi. Nilimshika yule mtoto mabega, nikamtikisa, nikitaka kumng'oa niondoke naye, lakini miguu yake imeshikana na mwamba. Wengine wote wanatazama barabara. Yeye peke yake amegeuzwa upande wa pili, kule ilikokuwa nyumba ya nyanya.