Kinyozi Aliyeapa kwa Nywele Zake

Kinyozi alikuwa na wajukuu, lakini nywele zake zilikuwa nyeusi tii, nene, zimesimama kwa majivuno kama mwenyewe. Wateja walipomuuliza siri, aliizima kwanza mashine ili wasikie vizuri, kisha akajibu: "Damu safi na kulala mapema. Basi." Mkewe, aliyekuwa akishona katika chumba cha nyuma, alishikwa na kikohozi kila aliposikia maneno hayo. Yeye ndiye aliyempaka rangi kisogoni kila Jumapili asubuhi, mlango umekomewa, kwa mswaki wa zamani, na ole wake mgeni ambaye angeuokota akadhani ni wa meno.

Baada ya nywele zake, kitu alichokipenda kinyozi kuliko vyote ni mwanariadha mmoja wa mbio fupi ambaye kila mtu alimwita Radi. Mke alishika nafasi ya tatu, na hakukata rufaa. Picha ya Radi ilikaa juu ya kioo, na nusu ya vijana wa mtaa walitembea na alama ya radi iliyokatwa ubavuni mwa kichwa, kazi ya mkono wa kinyozi, aliyeikata kwa mapenzi na bila kupima.

Siku Radi aliposhinda dhahabu, kitini alikuwepo bwana harusi mtarajiwa, nusu ya kichwa imeshanyolewa. Kinyozi alibubujikwa na machozi, akarusha taulo, akachomoka hadi barabarani na mashine mkononi, waya ukimfuata nyuma. Bwana harusi naye akatoka, shuka shingoni, nusu kipara nusu msitu, akacheza na watu asiowajua. Hakuna aliyemcheka. Hata shemeji, kaka yake mke, mwenye bucha ya mlango wa pili, alimkumbatia kinyozi na aproni yake yenye damu. Ilikuwa ajabu, kwani wawili hao walikuwa hawaivi. Shemeji hajawahi kukalia kile kiti hata mara moja. "Mimi najinyoa nyumbani," husema, kofia nyeupe ya buchani imevutwa hadi masikioni, na kinyozi huiweka dharau hiyo moyoni pamoja na nyingine.

Ndipo habari zikaja kwamba mkojo wa Radi umekutwa na dawa za kuongeza nguvu. Radi alitokea kwenye televisheni, macho mekundu, akasema ni nyama. Amekula nyama ya ng'ombe aliyedungwa sindano, naye hakujua.

Shemeji aliingia kinyozini kisu kingali mkononi.

"Nyama!" alifoka. "Shemeji, mimi nauza nyama tangu sijaota ndevu. Wateja wangu wanakula asubuhi na jioni, na hakuna anayeweza kukimbilia hata basi!"

"Subiri chupa ya pili," kinyozi alisema. Kwa kuwa mkojo hutiwa chupa mbili, ya kwanza ikileta aibu mtu ana haki ya kudai ya pili ipimwe. "Chupa ya pili itamsafisha."

"Ikimchafua?"

Duka zima lilikuwa linatazama. Kinyozi akapandwa na mori. "Ikimchafua, nanyoa hizi," akajishika nywele. "Hapa hapa, mbele yenu, na mashine utashika wewe!"

Huko nyuma cherehani ikanyamaza. Jioni mkewe alimuuliza taratibu, "Baba watoto, umeapa kwa kichwa kipi? Chini ya hiyo rangi kuna nini, umesahau?"

Hakuwa amesahau. Pale watu hawakuja kwa ajili ya mkasi tu. Walikuja kwa sababu ya kichwa kile. Wakijua kwamba damu safi hununuliwa dukani kwenye pakiti, ni nani atakayeamini neno lake tena? Lakini alimwamini Radi, kwa hiyo alilala usingizi. Jumapili hakupakwa rangi, maana redio ilisema matokeo yangetoka wakati wowote, naye alikataa kuiacha. Jumapili iliyofuata ilikuwa vivyo hivyo.

Chupa ya pili ilikuwa chafu kuliko ya kwanza.

Wenye alama za radi walipanga foleni wafutwe, na kinyozi akawanyoa mmoja mmoja. Roho ilimuuma. Medali wameichukua, alifikiri, wamempa aliyekuwa wa pili. Na ile furaha yangu, nani atakuja kuichukua? Yule wa pili tulimwacha amesimama peke yake tukimpigia kelele mwizi wake. Tutamlipa kelele hizo lini? Alimchukia Radi. Kisha akaitazama picha, na bado aliipenda ile miguu, na hilo likamuudhi zaidi.

"Shemeji," sauti ikasema mlangoni. "Nimenawa mikono."

Kinyozi alijaribu kila mlango wa kutokea. Kiuno kinamuuma. Mashine imepata moto. Isitoshe, chupa zenyewe aliziosha nani? Watu wakacheka, wakamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Shemeji akamfunga shuka kama anayefunga mzigo, akawasha mashine na kupita kutoka kisogoni, kwa mkono mzito wa mtu aliyezoea mifupa. Nywele nyeusi zikaanguka mapajani.

Mashine ikasimama.

Kinyozi hakuhitaji kioo. Alijua kilichobaki nyuma ya kichwa chake: njia nyeupe pe, kama pamba. Alifumba macho. Sasa alielewa jinsi mtu anavyoketi mbele ya kamera akataja nyama. Mwanzoni unaficha unywele mmoja tu mweupe, siku moja tu, ili uonekane vizuri harusini kwa binti yako.

"Kuna nini huko?" mteja mmoja aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Poda," kinyozi alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Ni poda hiyo."

Shemeji alisogea akajibanza kati yake na benchi, mwili mzima kama mlango, akavuta shuka juu ya kisogo.

"Poda tupu," alitangaza kwa sauti ya buchani. "Jamaa anajimwagia poda kama mtoto mchanga! Haya, tokeni nje kidogo, mnanizibia mwanga."

Walipotoka wakicheka, aliinama mpaka masharubu yake meusi tii yakamgusa kinyozi sikio. Kwa mara ya kwanza kinyozi aliyatazama masharubu yale kwa jicho la kazi, kisha akaitazama kofia.

"Shemeji," mwenye bucha alinong'ona, "wewe unatumia ipi? Maana yangu inaniwasha sana."