Baba, muratina na dawa ya moyo

Leo nimemfumania Baba na pembe ya muratina mkononi.

Tulikuwa Gakindu kwa ruracio ya binamu yangu, wazee wakionja hiyo pombe ya kubariki kabla ya kutaja mahari.

Nikamnong'oneza, "Baba, na dawa ya moyo?"

Akatabasamu kama mtu amepita mtihani. "Wacha wasiwasi. Siku ya ruracio huwa simezi."

Ati nini?!

Nikapigia nesi wa kliniki yake. Akasema, "Hiyo ya kuruka dawa ndiyo imenishtua zaidi! Ameze kila siku. Na hiyo pombe, aje tuongee."

Nikamwambia Baba. Akaangalia pembe. Kisha akaniuliza,

"Sasa ruracio yako nitabariki na nini?"

Walio na wazazi wa dawa, kwenu hubariki na nini? Nauliza kweli. Niko na wiki tatu kabla ya ruracio yangu.