Nilimsingizia Nduku Pepo kwa Sababu ya Mabega Yake

Nimekosa, na niliyemkosea ni mtu aliyekuwa akininyoosha mabega bure. Jina langu msiliandike. Nusu ya wanawake wa mtaa wetu wa Satellite nimewasuka mimi.

Mimi na Nduku tulifanya kazi saluni moja Kilimani. Kusuka rasta ni kusimama mchana kutwa mikono juu, kama mtu aliyekamatwa na polisi. Jioni mabega yangu yalikuwa mawe ya kujengea. Nduku hapana. Kila akimaliza kichwa, alisimama mlangoni akazungusha mabega polepole, akaweka kiganja ukutani na kugeuza kifua upande wa pili, akavuta vidole nyuma, akapumua. Alifundishwa hospitalini bega lilipomsumbua zamani.

"Kuja tunyooshe, dada. Hii mikono ndiyo shamba letu," aliniambia.

Mwanzoni nilienda. Kisha wateja wakaanza kunyoosha naye, wakicheka, wakimwita tichaa. Hata mteja wangu wa miaka mingi alinipita kama kiti. "Nitangoja Nduku." Wallahi, siku hiyo ningetolewa damu wangepata wivu mtupu.

Sasa, mimi nilimaliza Form Four kwa masomo ya jioni, na pale saluni neno langu lilikuwa kama habari ya saa moja. Mdosi wetu Mama Ciru, mwenye saluni na mtu wa maombi, akaniuliza Nduku hufanya nini pale mlangoni.

Nikashusha sauti. "Mama, hiyo inaitwa yoga. Tuliisoma. Ni kuabudu miungu. Unadhani kwa nini wateja wanamfuata yeye tu?"

Hatukuwa tumesoma kitu. Biolojia yetu ilikomea kwa panzi.

Mama Ciru akapaka mlango mafuta ya upako, akamwambia Nduku, "Kwangu hakuna mambo ya kupumua-pumua." Nduku akanitazama, akingoja nimtetee. Nikajifanya natafuta kitana.

Akasuka bila kunyoosha, na wateja ndio walizidi. Kufika Krismasi bega la kulia lilikwama, mkono haufiki kichwa cha mtu. Akaambiwa aende apumzike, na sote tulijua maana yake. Wateja wake nikapewa mimi.

Furaha yangu haikumaliza Januari. Mabega yalianza kuniwaka, nami naogopa hata kujinyoosha nikipiga miayo, nisije nikaombewa.

Mwezi uliopita nilimwendea Dagoretti Corner, anakouza mafuta ya nywele na kadi za simu. Nikamwambia yote. Akapanga kadi zake za simu moja moja mpaka nikatamani anitukane.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Mama Ciru angetoa wapi neno yoga? Lakini nilikuwa nakungoja uje. Siku hizi hata kitambaa cha kichwa nafungiwa na jirani."

Kilikuwa kimemlegea. Nikainua mikono nimfunge. Akarudi nyuma.

"Ngoja. Zungusha mabega kwanza. Polepole, dada. Tusiharibikiwe wote wawili."

Nikazungusha pale barabarani, machozi yakinitoka, watu wakitutazama. Kisha nikamfunga.

Wewe unayemwonea mwenzako wivu kazini, muulize akufundishe anachojua. Usimpake tope kwa mkubwa wenu. Mimi nilisema maneno ya dakika moja, na bega la Nduku bado haliinuki.